Laptopu ya kazi nzito ukiwa Kigoma: hesabu wati kwanza

Mpima ardhi wa Kasulu, mchoraji wa majengo pale Mwanga, mhariri wa video anayetengeneza filamu za Gombe: wote hufika kwenye swali moja. Ninunue MacBook Pro, au zile laptopu nzito za Windows kama ThinkPad P, HP ZBook na Dell Precision? Zote ni za mamilioni, na muuzaji wa Kariakoo atakusifia ile aliyo nayo dukani. Mimi naanzia kwenye programu, kisha naenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Jina la prosesa naliacha mpaka baadaye sana.

Programu haina mjadala. Revit, Civil 3D na ArcGIS Pro, za kuchora majengo, barabara na ramani, ni za Windows tu. Leica Infinity na Trimble Business Center, zinazotumika kuchakata data za vifaa vya upimaji, nazo ni hivyo hivyo. Kama ugali wako unatoka humo, MacBook imeshatoka kwenye hesabu. Usikubali ushauri wa "utaiwekea Windows ndani". MacBook zenye chipu za M (za Apple wenyewe) haziwaki kwa Windows moja kwa moja, na ile unayoweza kuiendesha ndani ya programu nyingine ni Windows ya ARM, yaani ya aina tofauti ya chipu, ambako draiva (programu ndogo zinazounganisha kifaa na kompyuta) za vifaa vya upimaji mara nyingi hukwama. Tahadhari hiyo hiyo inazihusu laptopu za Windows zenye chipu za Snapdragon: ni nyepesi, betri inadumu, lakini kwa fani hizi usizinunue kabla ya kujaribu kila kifaa unachochomeka. Kwa upande mwingine, Final Cut Pro ya kuhariri video ni ya Mac peke yake. Wanaotumia QGIS (ramani), DaVinci Resolve (video), Agisoft Metashape (picha za droni) au ArchiCAD (majengo) wanaweza kwenda upande wowote, na hao ndio wanaotakiwa kupiga hesabu kwa makini.

Hesabu yenyewe ni ya umeme. ThinkPad P16 za Gen 1 na Gen 2 (toleo la kwanza na la pili) huja na chaja ya hadi wati 230. MacBook Pro ya inchi 16 ina chaja ya wati 140, na ya inchi 14 ina ya wati 70 au 96 kulingana na chipu. Watu husoma namba hizi kama sifa ya nguvu. Kwa huku kwetu zisome kama mzigo utakaoubeba kila siku umeme ukikatika.

Laptopu yenye kadi ya grafiki ya Nvidia, ukiipa kazi ya kuunganisha picha za droni kuwa ramani, inaweza kula wati 180 mfululizo. Betri yake, hata iwe ya Wh 94 (wati-saa, yaani wati mara saa), haiwezi kutoa kiasi hicho. Kwa hiyo ukichomoa waya tu, mashine yenyewe inaipunguza kadi nguvu, na hata hivyo betri inaisha baada ya kama saa moja huku kazi ikiwa bado katikati. MacBook Pro kwenye betri hubaki na kasi karibu ileile iliyokuwa nayo ikiwa kwenye umeme. Tofauti hii muuzaji hakuonyeshi, maana dukani mashine zote zimechomekwa.

Sasa tuiweke kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina Wh 1,200, yaani 12 mara 100. Kama ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema; zimebaki 600. Inveta nayo inakula kama asilimia 15, unabaki na 510. Laptopu inayokula wati 180 itafanya kazi kwa saa mbili na dakika hamsini. Inayokula wati 60, na MacBook Pro ya inchi 14 huweza kukaa karibu na hapo kwenye kazi nyingi za uhariri, itafanya kwa saa nane na nusu. Ukiwa na betri ya lithiamu ya Ah 100 unaweza kuishusha mpaka asilimia 10, na ile ya wati 180 inafika kama saa tano. Anayetaka P16 ofisini Kigoma mjini aingize bei ya betri hiyo kwenye bei ya laptopu tangu mwanzo, kwa sababu ataihitaji.

Kwa wanaoingia Uvinza, Buhigwe au Kakonko kwa siku tatu nne, angalia gari. Soketi ya kiberiti ya gari mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180. Chaja ya wati 230 kupitia inveta ndogo ya gari huvuta zaidi ya ampea 20. Fyuzi inaungua, na fundi asiye makini ataweka kubwa zaidi mpaka waya za gari zipate moto. Mashine ya kwenda porini iwe inayokubali kuchajiwa kwa USB-C, utumie chaja ya gari ya wati 100 isiyohitaji inveta kabisa. Kabla ya kulipa, ichomeke hapo hapo uone kama inaongeza chaji huku ikifanya kazi nzito, kwa sababu nyingine huandika inachaji wakati asilimia zinashuka.

Chaja za laptopu hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme hafifu wa jioni hauziui. Kinachoziua ni mruko wa umeme ukirudi. Fridge guard ya kawaida inasaidia kwa sababu inasubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Inveta iwe ya mawimbi laini. Zile za bei ya chini zinazotoa umeme wa ngazi-ngazi hufanya chaja ivume na kuchemka. Na kama mashine imetoka Marekani ikiwa na plagi ya miguu bapa, usiivalishe adapta ya kuungaunga. Nunua waya mwingine wenye plagi ya pini tatu na kichwa kinachoingia kwenye chaja hiyo hiyo, ubadilishe ule wa ukutani tu.

Sasa majina yaliyo kwenye stika ya mashine: jina la kadi ya grafiki pekee halitoshi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekwa na kiwanda popote kati ya wati 35 na 115, na ya wati 35 iko nyuma mno ya mwenzake mwenye jina lile lile. Uliza wati zake. RTX 4060 na RTX 4070 za laptopu zote zina GB 8 za kumbukumbu, kwa hiyo kama tatizo lako ni picha nyingi kugoma kuingia kwenye kadi, kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakukupi nafasi. Kwenye familia hiyo ya 40, GB 12 zinaanzia RTX 4080. Kwa Intel, tazama herufi ya mwisho. Core i7 inayoishia na U ni ya barua na mahesabu ya ofisini, inayoishia na H au HX ndiyo ya kazi hizi.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ndiyo sehemu ambayo watu wa hapa hujutia zaidi. Kwenye MacBook imechomelewa, haiongezwi milele. Unayonunua ndiyo utakayozeeka nayo, na SSD (hifadhi ya mafaili) vilevile. P16 ina nafasi nne za RAM, na fundi wa Mwanga mwenye bisibisi nzuri anaweza kuiongezea. Angalizo: ThinkPad P1 Gen 7 inatumia RAM aina ya LPCAMM2, siyo vile vipande virefu vya kawaida, na kuipata madukani Kigoma ni shughuli. Kwa picha 300 za droni GB 32 zinatosha. Ukizidi 1,000 kwa mradi mmoja, anza na 64.

Kwa hiyo mhariri wa video anayezunguka vijijini ningempa MacBook Pro ya inchi 14 yenye M4 Pro na GB 48 bila kusita. Kioo chake kinaonekana hata juani kando ya ziwa. Mpima ardhi ningempa P1 Gen 6, ambayo bado ina nafasi mbili za RAM za kawaida, GB 64. P16 ni ya anayekaa mezani, maana pamoja na chaja yake inakaribia kilo nne begani.

Ukinunua iliyotumika kutoka Dubai, jihadhari na mashine za makampuni. MacBook ifute yote mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti wakati wa kuianzisha upya. Ukurasa wa Remote Management ukitokea, mashine bado ni mali ya kampuni fulani na inaweza kufungwa wakati wowote. Ukiombwa Apple ID ya mmiliki wa zamani, ni hivyo hivyo. ThinkPad, ZBook au Precision ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows kuwaka: ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache, kwa sababu kuliondoa kunaweza kumaanisha kubadilisha bodi nzima.

Kisha ile ya Windows ifanyishe kazi. Endesha Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito, kwa dakika 10 huku programu ya HWiNFO ikionyesha wati na joto. Wati zikianza 90 zikaporomoka hadi 35 na joto likabaki karibu nyuzi 100, feni zimejaa vumbi au dawa ya kupoozea prosesa imekauka. Hilo linatibika, lakini lipunguze bei. Mwisho andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Betri ya Wh 90 iliyobaki na 60 bado inatumika, ila toa bei ya betri mpya kwenye bei anayotaka muuzaji.