Vijiko vinne vya uji

Leo ni Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu asubuhi mtangazaji wa redio anarudia kwamba lugha yetu ni lugha ya udugu. Mjukuu wangu akanigeukia: "Bibi, mbona unaguna?"

Kimawazo nilikuwa nimeshafika Kampala, Aprili 1979, vita vya kumng'oa Idi Amin.

Mji tuliuteka tarehe 11, sisi jeshi la Tanzania. Habari za Mutukula kule mpakani, matope na mizinga nimeshawachosha nazo. Siku chache baadaye tukaletewa watu waliotolewa mahabusu za Nakasero, chini ya lile jengo la makachero wa Amin. Daktari wetu alituonya: aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshibisha ghafla, moyo unaweza kumsimama. Kwa hiyo uji mwepesi, vijiko vinne, kisha unasubiri.

Wa kwangu nilimnyanyua peke yangu, na mimi sikuwa mtu wa miraba minne. Vifundo vya mikono vilikuwa na vidonda vya kamba. Nikapuliza kijiko, nikamwambia kwa sauti yangu ya Tanga, ile ya kubembelezea watoto, "Kunywa, kaka yangu. Taratibu."

Akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, akajikunyata ukutani. Uji ukanimwagikia kwenye buti.

Nikadhani ni kombati. Nikavua kofia, nikachuchumaa, nikarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Akajikojolea.

Mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa akipiga deki akaegemeza fagio. "Sista, hiyo lugha yako, ndiyo walikuwa wanampigia."

Nilikaa na kijiko hewani. Kiswahili changu mimi! Lugha niliyoimbiwa nikiwa mgongoni.

Yule mama akanifundisha maneno mawili: mpola mpola. Ni kama polepole tu, ukisikiliza vizuri. Nikayasema vibaya, na sidhani kama yalimdanganya, lakini mdomo ukafunguka kidogo. Kijiko cha kwanza kikatoka. Cha pili kikabaki.

Siku zilizofuata nilimlisha nikiwa bubu, mpola mpola na kimya. Siku tuliyoamriwa kusonga mbele kuelekea Jinja alimaliza kikombe kizima mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili, macho chini.

"Asante, afande." Kiswahili safi kabisa.

Nilikuwa koplo, kweli. Lakini wale wa kule chini nao aliwaitaje?