Nilivyompata kaka yake bibi: hakuwa Keya wala hakufika Bama

Kwetu Tunduru kila mtu alijua kwamba kaka yake bibi alifia Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, akipigana upande wa Waingereza katika vita ya pili ya dunia. Aliyeleta habari hiyo hajulikani. Ushahidi ulikuwa nyota moja ya shaba ndani ya mkebe wa biskuti, medali ya vita iliyoandikwa Burma Star, ambayo mjomba wangu, mwalimu mstaafu asiyeshindwa na swali, alikuwa akiwaonyesha wageni hata misibani.

Nilipotangaza kwamba namtafuta, ushauri ulimiminika. Nenda London. Andika ubalozini. Nikaunganishwa na bwana mmoja anayeshughulikia eti fidia za askari wa mkoloni, mradi ulipe ada ya kufungua faili. Nikamuuliza faili lenyewe liko wapi, akasema swali hilo nalo lina ada yake. Mjomba yeye aliniagiza nisugue ubavu wa nyota, kwa kuwa Waingereza huchonga pale jina na namba ya askari. Nikasugua kwa majivu. Nikasugua kwa ndimu na chumvi. Nikaazima lenzi kwa fundi saa sokoni, naye akaacha kazi zake tukapokezana kuchungulia, wateja wamesimama. Nyota iling'aa kama sinia la harusi, jina hakuna. Baadaye nikasoma kwamba nyota za vita ya pili Waingereza waliwapa askari wao bila majina. Medali walizozichonga majina ni za vita ya kwanza. Mjomba mpaka leo anasema sikusugua vizuri.

Nikahamia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure, unahitaji bando tu. Kila mjuaji aliniambia nichague King's African Rifles, yaani Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kisha niandike jina. Niliandika kwa kila namna ambayo karani Mzungu angeweza kulisikia, L nikaigeuza R, B nikaigeuza P. Nikapekua makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, mnara wa Rangoon (jina la zamani la Yangon) wenye majina karibu 27,000, na Imphal upande wa India. Njia nzima ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki sasa naijua kwa kichwa, kuanzia matope na malaria ya bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi kuvuka mto Chindwin pale Kalewa. Kaka yake bibi hayumo.

Aliyefungua njia ni bibi mwenyewe. Nilikuwa namsimulia mjomba habari za Keya na bunduki zao, bibi akadakia kutoka jikoni: "Bunduki gani? Kaka yangu alikuwa wa mzinga. Alipokuja likizo alituonyesha kwa gogo jinsi unavyojazwa."

"Na hii nyota, bibi?"

"Hiyo ya babu yako. Yeye si alirudi?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza! Mjomba akakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Wa mzinga hakuandikwa Keya. Mizinga ilikuwa na kikosi chake, East African Artillery. Sasa sikilizeni ujanja wangu, maana hakuna aliyenifundisha. Jina niliacha wazi kabisa. Nikaweka kikosi na vita tu, nikapakua orodha yote kama jedwali, nikaipanga kwa tarehe. Tarehe moja ikajaza kurasa: 12 Februari 1944. Malaria haiui watu namna hiyo.

Siku hiyo meli SS Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika kama mbili. Walikufa watu karibu 1,300, wauguzi wakiwemo, na wengi walikuwa wa Regimenti ya 301 ya mizinga. Manowari za ulinzi ziliitupia nyambizi mabomu ya kupasukia majini palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Sehemu hiyo bibi sikumsomea.

Majina niliyasoma kwa sauti, moja moja, kwa sababu tahajia ya karani hudanganya macho lakini sikio halidanganyiki. Nikampata. "Che" ya heshima ya baba yake imegandishwa kwenye jina, ndiyo maana kila nilipotafuta halikutokea.

Kaburi hana, ni bahari. Jina limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Mjomba alikuwa ameshapiga hesabu ya mamilioni ya kwenda Yangon. Mimi nilipanda basi kupitia Namanga kwa laki na kitu, nikalala kwa rafiki. Nakili mapema kwenye tovuti ile namba inayoonyesha jina liko upande gani, na ubebe karatasi nyembamba na penseli. Ukipaka penseli juu ya karatasi, herufi zinatokea. Picha ya simu bibi haioni vizuri, karatasi aliipapasa na kuuliza hitma lini. Ilisomwa, ubwabwa ukaliwa, na mjomba akatoa hotuba ndefu kuhusu utafiti wake.

Jirani yangu sasa anataka nimtafutie babu wa babu yake, mpagazi wa vita ya kwanza. Nimemwambia ukweli: wapagazi wengi hawakuchongewa jina popote, na hata ile Sanamu ya Askari ya 1927 pale Dar es Salaam haina majina. Aanze na wazee wa kwao, wakiwa bado wapo.