Sotaloli, figo na kinena: ninavyomwandaa mgonjwa mwanamke

Kati ya wanaopata torsadi, yale mapigo ya hatari yanayoweza kuzushwa na dawa, takriban theluthi mbili ni wanawake. Chanzo kinaonekana kwenye ECG, mchoro wa umeme wa moyo, katika kipimo cha QT, yaani muda ambao umeme wa moyo huchukua kusambaa na kutulia tena. Mvulana akibalehe, homoni za kiume huufupisha muda huo. Wa msichana hubaki mrefu. Ndiyo maana dawa inayorefusha QT, kama sotaloli ya kutuliza mapigo ya moyo, humkuta mwanamke akiwa na nafasi ndogo zaidi ya usalama, na ndiyo maana kazi yangu kubwa naifanya kabla hajameza kidonge cha kwanza.

QT naipima mwenyewe kwenye lidi (mstari wa mchoro wa ECG) ya II au V5. Namba iliyochapwa na mashine siiamini peke yake. Kwenye AF, yaani mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambapo mapigo hayalingani, nachukua wastani wa mapigo 10. Kuirekebisha kulingana na kasi ya mapigo natumia kanuni ya Fridericia, kwa kuwa ya Bazett huikuza QT moyo unapokwenda mbio. Ikizidi milisekunde 450 sianzishi sotaloli, ingawa kwa mwanamke hadi 460 huhesabiwa kawaida. Nikianzisha, mgonjwa analazwa siku 3, na ECG inarudiwa saa 2 hadi 4 baada ya kila dozi. Ikifika 500, dawa inasimama. Potasiamu naitaka isiwe chini ya 4.0 mmol/l. Dawa za presha zinazoongeza mkojo huishusha, na wagonjwa wengi tayari wanazimeza. Antibiotiki za duka la dawa kama erithromaisini na azithromaisini nazo hurefusha QT, kwa hiyo namwambia mgonjwa na anayemuuguza wazitaje kwa jina.

Penye madhara mengi ni kwenye figo. Kreatinini, taka ya mwili inayotolewa na figo, ya 95 µmol/l inaonekana nzuri kwenye karatasi ya maabara. Kwa mwanamume wa miaka 50 mwenye kilo 80, ukikokotoa kwa Cockcroft-Gault, kanuni ya kukadiria kasi ya figo kusafisha damu, unapata kama 93 ml kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 70 mwenye kilo 48, kreatinini hiyohiyo inatoa takriban 37. Wa kwanza anaweza kuanza miligramu 80 mara mbili kwa siku. Bibi hapaswi kupewa kabisa, maana chini ya 40 sotaloli hairuhusiwi kwa AF. Uzito lazima upimwe kwenye mizani siku hiyohiyo, usikisiwe. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, naikokotoa kwa tahadhari ileile: hutolewa na figo, na kwa dozi iliyozoeleka hujikusanya haraka kwa mwanamke mwenye mwili mdogo.

Kwenye ablesheni ya AF, yaani kuunguza au kugandisha sehemu za moyo zinazozusha AF kwa mrija unaopitia mshipa wa paja, wanawake hufika wakiwa na umri mkubwa zaidi, na AF hurudi kwao mara nyingi zaidi. Kutoboka kwa moyo na kuvuja damu kinenani pia huwapata zaidi. Hili la pili linapungua sana mshipa wa paja ukichomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, badala ya kutafutwa kwa vidole. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naipima kwa kilo. Baada ya kazi, presha ikishuka huku mapigo yakipanda, nataka eko (ultrasaundi) ya moyo papo hapo, kuona kama moyo umetoboka, kabla ya kuongeza maji.

AVNRT, mapigo ya kasi yanayotokana na umeme kuzunguka kwenye njia ya katikati ya moyo, ni habari nyingine, na inanigusa sana. Huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, ablesheni yake hufaulu kwa zaidi ya asilimia 95 kwa jinsia zote, lakini wanawake wengi huambiwa kwa miaka kuwa ni wasiwasi tu. Mapigo yao yanapokuja ghafla na kukatika ghafla, kinachohitajika ni ECG moja iliyopigwa wakati yanaendelea. Mgonjwa namwandikia barua fupi ya kuonyesha kwenye zahanati iliyo jirani: apigwe ECG kwanza, kisha ndipo ajaribu kujikamua kama anayekwenda haja kubwa, kwa sekunde 15, akiwa amelala.