Gundi iliyokataa maji

Kisima chetu cha Kisauni kina maji ya chumvichumvi. Chai yake utadhani imetiwa magadi. Nikajaribu kuyapunguza chumvi kwa elektrodi (vibamba vya kupitishia umeme) za kaboni: volti 1.2, ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zinanaswa kwenye vitundu vya mkaa. (Maji ya bahari yenyewe sahau, chumvi ni nyingi mno.)

Mkaa amilifu wa vifuu vya nazi nilikuwa nao. Kilichonitesa ni gundi ya kuushikiza mkaa kwenye elektrodi. Nilianza na PVDF, polima (plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli) inayosifiwa sana. Nikadondosha tone la maji juu ya elektrodi: likakaa duara, kama umande juu ya yungiyungi. Kaboni hailowi, chumvi itaingilia wapi?

Nikahamia PVA, polima nyingine, inayopenda maji. Ikapenda kupita kiasi! Niliiloweka elektrodi bakulini usiku; asubuhi bakuli jeusi kama wino wa ngisi, gundi imevimba, mkaa umebanduka.

Dawa ilikuwa asidi ya sitriki, ule unga mkali wa kutilia sharubati. Niliyeyusha PVA kwenye maji ya nyuzi 90, nikatia asidi kidogo, nikachanganya na mkaa, nikapaka juu ya karatasi ya grafaiti. Ikishakauka, saa moja kwenye oveni, nyuzi 130. Kwa joto hilo, asidi huifunga minyororo ya polima isiyeyuke tena. Sasa tone linanywewa papo hapo, na bakuli halijachafuka wiki nzima.