Kilwa Kisiwani na upepo uliotususa

Kosa lilikuwa langu. Nilimsimulia mwanangu wa mwisho kwamba kasri la kale la Husuni Kubwa, kisiwani Kilwa, lina bwawa la pembe nane, naye tangu Jumatano akatia kaptula ya kuogelea begini.

Ijumaa alfajiri tukapanda basi Mbagala Rangi Tatu: mimi, baba watoto, watoto wawili na mama mkwe. Tangu nyumba yake ya Kariakoo ibomolewe kupisha ghorofa, Mama hana hamu ya kutoka, ikabidi tumbembeleze. Kilomita kama 300 hizo sina la kuzisimulia, ila magoti yangu yalivyobanwa na soda za njiani zilivyo ghali. Daraja la Mkapa pale Rufiji watoto walilivuka wamelala.

Kesho yake asubuhi, Kilwa Masoko, mji wa bara unaovukiwa kwenda kisiwani, tulikwisha lipia kibali na mwongozaji, ikabaki hesabu ya chombo. Mwenye boti ya injini akataja bei. Baba watoto akamwomba airudie, kisha akacheka.

"Kwani tunakwenda Comoro?"

Akatuchagulia mashua ya tanga, na darasa juu: Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale kule Msumbiji, na dhahabu ile ililetwa kwa tanga.

Katikati ya mkondo upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama kanga mbichi kambani. Nahodha akatazama juu, akasema, "Utarudi," akajiegemeza shetri na kufumba macho. Mbele Gereza, ile ngome ya ufukweni, tunaliona kabisa. Nyuma Masoko nako tunakuona. Jua la saa nne likatushukia utosini. Maji ya kunywa yakaisha. Mwishowe baba watoto, ambaye kazi yake ni kompyuta, akapewa kasia. Hajafika mbali, boti ya injini ikatupita na wazungu watatu, na yule mwenyewe akapaza sauti, "Poleni, wazee wa Sofala!" Mama alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Tulitua na malengelenge manne, yote mikononi mwa mtu mmoja.

Mwongozaji alitueleza Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kuongezwa kuba baadaye, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika 1331 akausifu mji. Mama hakuwa naye. Alikuwa anapapasa ukuta kwa kiganja kizima.

"Chokaa ya matumbawe hii. Ilichomwa ikaiva." Akanyamaza kidogo. "Yangu waliiangusha asubuhi moja, na chai sijamaliza."

Sikupata la kumjibu. Nikamshika mkono, tukafuata njia ya Husuni Kubwa taratibu, tukiwapita kuku na watoto wa kisiwani waliotushangaa kwa jasho letu.

Bwawa lipo kweli, na pembe zake nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Kavu. Mwanangu, kaptula tayari mwilini, akanigeukia kama shahidi aliyesalitiwa.

"Mama, maji yako wapi?"

"Masultani wameyaoga yakaisha," Bibi yake akamjibu. "Njoo unifagilie hapa kivulini nikae."

Tuliporudi ufukweni, baba watoto alikwenda mwenyewe kwa yule wa boti ya injini. Bei ilikuwa imepanda.