Wiki sita za kukaza mwili
Nilianza kwa kukunja tumbo mara mia kila usiku, nikiamini kitambi kitayeyuka. Wapi! Mwili hauchomi mafuta pale tu unapopachosha. Huyatoa kote, kwa mpangilio wake wenyewe.

Kilichonisaidia ni kuchuchumaa na uzito mabegani, pushapu na kuvuta kamba ya mpira, siku 3 kwa wiki, nikiongeza ugumu kidogo kidogo. Pushapu za mwanzo, viwiko vilitetemeka hadi jasho likadondoka sakafuni. Wiki ya 6 nilipiga 15 mfululizo.

Kwenye chakula sikujinyima. Nilipunguza sukari, kila mlo ukawa na protini: mayai, maharage au samaki. Ukikimbilia kupungua haraka mno, unapoteza na misuli.

Mizani imeshuka kilo 2 tu, lakini suruali ya zamani nafunga kifungo bila kubana pumzi.