Wiki ya pili Provo

Jamani niko Provo, Utah, kwenye kituo cha mafunzo ya wamisionari wa kanisa letu la Wamormoni, na bado sijazoea kuitwa Mzee (ndivyo wamisionari wa kiume tunavyoitwa) nikiwa na miaka 19 😂 kuamka saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 na nusu usiku taa zimezimwa, katikati hapo ni darasa darasa darasa. Na huyu mwenzangu niliyepangiwa hatuachani kabisa, nikienda kufua yupo, nikiingia chooni ananisubiri mlangoni kama askari. Najifunza Kihispania, jana nikapewa kuomba mbele ya wenzangu, neno la "asante" likapotea kichwani, nikazidi kufumba macho eti labda litarudi, wote kimyaaa. Nyumbani napiga mara moja kwa wiki, mama nae swali lake ni moja tu, unakula?